Siku Nane za Kutembea China Baada ya Maonyesho: Wapi pa Kwenda, Wapi pa Kuacha

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni, Kariakoo. Guangzhou nimekwenda mara nne, na kila mara ninachokiona ni hoteli, soko, ghala na uwanja wa ndege, basi. Safari hii tunakwenda na mume wangu kwenye awamu ya pili ya Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya Guangzhou, mwezi wa kumi, na tumejitengea siku nane za kutembea baada ya kazi. Orodha yangu ni hii: Ukuta Mkuu, kasri la Beijing, askari wa udongo wa Xi'an, Shanghai, Chongqing, ile milima ya Zhangjiajie, na Guilin. Tatizo ni kwamba mume wangu magoti yanamsumbua. Tena jirani yangu wa dukani alifika Beijing akarudishwa mlangoni pa kasri, hakuingia. Tupange vipi? Na chakula je, maana sisi ni Waislamu?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Mara nne China na hujaona kitu! Usijali, hauko peke yako. Nimepokea wageni wengi wa Kariakoo na Eastleigh wanaoijua Guangzhou nzima kwa bei za jumla, lakini ukiwauliza Beijing iko upande gani wanakuonyesha dari.

Nianze na jirani yako, maana kisa chake kinajibu nusu ya maswali yako. Mimi mwenyewe yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Beijing niliamka asubuhi ya baridi kali, nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikatembea mpaka lango la kusini la kasri na kamera mpya shingoni. Lango limefungwa. Mzee mmoja muuza kofia akanitazama, akatikisa kichwa, akasema neno moja tu: xingqiyi. Kichina changu kilikuwa cha wiki tatu, lakini siku za wiki nilishazishika. Jumatatu! Kasri hufungwa kila Jumatatu, isipokuwa ile inayoangukia sikukuu ya kitaifa. Nilinunua kofia, nikarudi bwenini.

Enzi hizo kosa lilikuwa hilo moja. Siku hizi unaweza kufika Jumanne, ukiwa na hela na pasipoti mkononi, na bado ukarudishwa. Tiketi za kasri haziuzwi tena dirishani kama za boti ya Zanzibar. Zinakatwa mapema mtandaoni kwa jina na namba ya pasipoti, idadi ya watu kwa siku ina kikomo, na dirisha la kukata linafunguliwa siku saba kabla, saa mbili usiku kwa saa za Beijing. Siku zenye watu wengi zinaisha mara moja. Nadhani jirani yako alifika akitegemea kununua palepale.

Kwa hiyo China ya leo haipangwi kwa ramani, inapangwa kwa tiketi. Wengi huanza na hoteli, kisha treni, kisha wanauliza kasri. Ninyi geuzeni. Ukishajua ni siku gani mmepata kasri, mengine yote yataizunguka siku hiyo. Awamu yako ya pili, ile ya vyombo na vitu vya nyumbani, hufanyika tarehe 23 hadi 27 Oktoba, kwa hiyo kutembea kwenu kunaanza tarehe 28. Angalia kalenda Jumatatu inaangukia lini, halafu weka alamu ya simu siku saba kabla ya tarehe unayoitaka. Usiku huo utakuwa bado Guangzhou, umechoka na miguu imevimba kwa kuzunguka mabanda. Amka hivyohivyo ukate tiketi.

Tarehe zenu ni nzuri mno. Mngekuja wiki ya kwanza ya Oktoba ningewaambia mkae hotelini mle tambi. Ile ni likizo ya taifa, nchi nzima inasafiri kwa pamoja, na kule kwenye Ukuta unasogezwa na watu wa nyuma kama uko kwenye lango la uwanja siku ya Simba na Yanga. Mwisho wa mwezi umati umepungua, mbingu ya Beijing ni ya buluu na majani ya miti yanageuka mekundu na manjano. Ila baridi ipo. Mchana koti jepesi linatosha, usiku nyuzi huweza kushuka chini ya 5. Guangzhou mtakuwa na fulana, kwa hiyo msidanganyike wakati wa kufunga mabegi.

Sasa orodha yako. Sehemu saba kwa siku nane ni kazi ya dereva wa lori, siyo matembezi. Shanghai iache. Utakuja kuipita siku nyingine kwa biashara, na majengo marefu Guangzhou yapo. Ule mnara wao una mita 600, na nina hakika mara zote nne umeuona kwa dirisha la teksi. Chongqing nayo iache kwa ajili ya shemeji. Ni mji mzuri sana uliojengwa kwenye vilima, ngazi kila mahali. Unatoka mlango wa chini wa jengo uko barabarani, unatoka ghorofa ya kumi uko barabara nyingine. Magoti mabovu hayaendi Chongqing. Zhangjiajie inahitaji siku tatu peke yake, na ukungu ukishuka utalipia kuona pamba. Guilin nitairudia.

Vinabaki Beijing na Xi'an. Beijing mlale siku nne, Xi'an tatu, na siku ya mwisho mrudi Guangzhou. Nendeni Beijing kwa ndege, ni kama saa tatu angani. Kuna treni ya kasi pia, kilomita karibu 2,300 kwa saa nane hivi, lakini kumkalisha mgonjwa wa magoti saa nane kwa sababu tu treni inasifiwa, sioni maana. Treni mtaipanda kutoka Beijing kwenda Xi'an, inakwenda saa nne na nusu hadi sita kutegemea uliyopata. Kama mmeshapanda SGR ya Dodoma na mkaona inakimbia kwa kilomita 160 kwa saa, hii inakwenda 300, na ukiweka kikombe cha chai mezani hakimwagiki. Mizigo ya biashara isikufuate. Inayokwenda kwa meli iende kwa wakala wako, masanduku mengine yaacheni hoteli ya Guangzhou.

Kasri sasa. Wenyeji wanaliita Gugong. Wageni wengi huingia lango la kusini, Wumen, wanapita katikati moja kwa moja kama wamepigwa mshale, wanatokea kaskazini baada ya saa mbili, wanasema "ni pakubwa". Ni kweli ni pakubwa, hekta 72, karibu kilomita moja kutoka lango la kusini hadi la kaskazini, na ua baada ya ua wa mawe usio na mti hata mmoja. Kwa magoti ya shemeji, huko katikati ndiko kunakoua. Wewe muuza vyombo nina njia yako nyingine. Mkishaingia Wumen, pindeni kushoto, upande wa magharibi, mpaka jengo linaloitwa Wuyingdian. Humo mna maonyesho ya kauri, tiketi ni ileile, na kwa kawaida pana nafasi ya kupumua. Utaona sahani na bakuli za karne nyingi zimepangwa nasaba kwa nasaba, pamoja na zile nyeupe zenye maua ya buluu.

Simama hapo kwenye buluu. Kama umewahi kufika magofu ya Kunduchi, pale kwenye makaburi yenye nguzo, umeona matundu ya mviringo kwenye nguzo hizo. Kila tundu lilibeba bakuli la China. Wazee wa pwani walizichomeka kwenye chokaa kaburi lilipojengwa, kwa sababu ilikuwa mali ya kujivunia hata ukiwa umekufa. Nyingi zimeng'olewa, lakini alama zimebaki. Gedi na Kilwa vigae vya vyombo hivyo vimefukuliwa kwa wingi. Wewe unafungua kontena Kariakoo ukidhani biashara hii ilianza na mjomba wako miaka ya tisini!

Tena mfalme aliyejenga kasri hilo, Yongle, kati ya 1406 na 1420, ndiye aliyetuma majahazi makubwa ya Zheng He, nahodha Mwislamu kutoka Yunnan, yaliyofika mpaka pwani yetu. Mwaka 1415, kasri likiwa bado linajengwa, wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme huyo twiga. Wachina hawakuwa na neno la mnyama yule, wakamwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Na mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameokota sarafu yenye jina la Yongle kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Mimi kila nikiingiza wageni wa kwetu ndani ya lango lile nawaambia wasitembee kwa woga. Babu zao walishatuma zawadi humu.

Mambo ya kujua kuhusu siku ya kasri ni machache. Pasipoti halisi lazima, picha kwenye simu haitoshi. Tiketi ni yuan 60 mpaka mwisho wa Oktoba, na kuanzia tarehe 1 Novemba inashuka hadi 40, ingawa kwa hilo tu usibadilishe ratiba. Kufika langoni msipitie uwanja wa Tiananmen, maana nao una utaratibu wake wa kujiandikisha na foleni ya ukaguzi ndefu. Teremkeni upande wa mashariki, Donghuamen, mtembee kando ya handaki la maji mpaka Wumen, taratibu, ukuta wa kasri mkono wa kulia. Mkitoka kaskazini mtaona kilima mbele yenu, Jingshan, kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki hilo. Shemeji mwache chini kwenye benchi na wazee wanaocheza karata, wewe panda. Juu kuna kibanda, na ukigeuka kusini unaona mapaa yote ya manjano ya kasri yamelala kama mawimbi. Nenda jioni, kabla jua halijazama.

Ukuta. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu watu wengi wanaharibiwa siku yao. Maeneo ya Tiananmen utafuatwa na vijana wenye vipeperushi vya safari ya Ukuta kwa bei ya kuchekesha. Nilipanda moja nikiwa mwanafunzi. Tuliondoka alfajiri, saa tatu tukaingizwa kwenye duka la vito vya kijani, jade, tukafungiwa dakika arubaini na tano tukielezwa namna ya kutambua bangili halali. Kisha duka la chai. Kisha "hospitali" ambapo mzee mwenye koti jeupe alinishika mkono akaniambia ini langu lina joto na dawa yake ipo, kwenye kaunta. Ukutani tulikaa saa moja na nusu, na ukuta wenyewe ulikuwa Badaling, ambako kuna watu wengi kuliko mawe. Kampuni ile siitaji, ziko nyingi za namna hiyo.

Nendeni Mutianyu, sehemu nyingine ya Ukuta. Ni kama kilomita 70 kutoka mjini. Chukueni gari la kukodi kupitia hotelini kwenu, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi, hakuna kusimama dukani, na mfike kabla ya saa tatu asubuhi. Mutianyu kuna namna mbili za kupanda bila ngazi. Moja ni viti vilivyo wazi vinavyoning'inia kwenye waya, vinakushusha karibu na mnara wa ulinzi wa 6. Nyingine ni vibanda vilivyofungwa, vinafika mnara wa 14. Shemeji apande vibanda vya mnara wa 14, ashuke kwa hivyohivyo. Nakusisitiza kwa sababu utashawishika na ile bembea ya kuteleza, kigari kidogo chenye breki kinachoshuka mlimani kwenye mfereji wa chuma kutoka mnara wa 6. Kutoka 14 hadi 6 ni kama mteremko, watu watakwambia "ni kushuka tu". Mwenye magoti anajua kwamba kushuka ndiko kunakouma. Tena vidato vya Ukuta havilingani hata kidogo: kimoja kina kimo cha kifundo, kinachofuata kinakufika gotini. Yeye abaki kati ya minara miwili mitatu ya karibu, anywe chai, atazame Ukuta unavyopanda kilele na kupotea na kutokea tena kilele cha mbali. Wewe nenda mpaka 6, uteleze, mkutane chini.

Na kama mtu atakwambia Ukuta unaonekana kutoka mwezini, mwambie Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona, na yeye alikuwa jirani tu, hata mwezini hakufika.

Siku ya tatu Beijing iwe ya kupumzika. Nendeni msikiti wa Niujie, mtaa wa Waislamu wa huko, mkale nyama ya ng'ombe, na alasiri mzunguke vichochoro vya zamani kwa miguu.

Xi'an ndiko nitakakokutakia siku zaidi kama ungekuwa nazo. Watu huenda kwa sababu ya askari wa udongo, na wako sahihi. Mwezi Machi 1974 wakulima wa Lintong, mashariki ya mji, walikuwa wanachimba kisima. Badala ya maji wakapata kichwa cha udongo wa kuchoma. Leo mashimo matatu yamefunuliwa, na makadirio ni askari karibu 8,000 waliofukiwa kumlinda Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza kuiunganisha China, aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo. Wote hawajatolewa. Sehemu kubwa bado iko chini kwa makusudi: walipofukuliwa wa kwanza walikuwa na rangi, wekundu, kijani, zambarau, na ilipopigwa na hewa kavu ikajikunja na kubanduka kwa dakika chache. Kaburi lenyewe la mfalme, kile kilima unachokiona pembeni, halijafunguliwa mpaka leo. Mwanahistoria Sima Qian aliandika kwamba ndani kuna mito ya zebaki, na vipimo vya udongo wa juu vimekuta zebaki nyingi kuliko kawaida.

Ushauri wangu unapingwa na waongozaji wengi: msianze na shimo la kwanza. Anzeni la tatu, dogo, lililokuwa kama makao ya makamanda, kisha la pili, mmalizie la kwanza, ambalo lina urefu wa mita 230 chini ya paa moja. Ukianza nalo, yale mawili yanakuwa makombo. Na ukifika kwenye uzio, usiinue simu kwanza. Chagua askari mmoja, mtazame masikio, masharubu, namna alivyofunga nywele. Kisha mtazame wa pembeni yake. Mimi mara ya tatu ndipo nilipomwona mmoja anafanana na mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, na tangu siku hiyo kila nikienda namsalimia.

Mjini Xi'an kuna Msikiti Mkuu, uliomo katikati ya mtaa wa Waislamu wa Hui. Utaupita ukidhani ni hekalu: mapaa ya vigae yaliyopinda ncha, nyua za miti, vibanda vya mbao, hakuna kuba, hakuna mnara mrefu. Asili yake inarudishwa mwaka 742, na majengo ya sasa ni ya enzi ya Ming. Lakini tazama jambo moja. Majengo makubwa ya China huelekea kusini. Huu umelazwa mashariki kwenda magharibi, kwa sababu kibla kule ni magharibi. Watalii hulipia, Mwislamu huingia bure, na ukumbi wa sala ni wa wanaosali tu. Shemeji atoe salamu mlangoni. Nimeona mara nyingi wazee wa pale wenye kofia nyeupe wakisikia "assalam aleikum" kutoka kwa mtu wa mbali, wanasimamisha kazi zao wakamshika mkono kwa mikono miwili.

Na hilo linatuleta kwenye chakula. Alama ya kukariri ni herufi mbili, 清真, zinasomwa qingzhen, maana yake halali. Zipige picha ziwe mbele kwenye simu. Kila mji utakuta vibanda vya tambi za kuvuta kwa mkono za Lanzhou, vinaendeshwa na Waislamu, bei ya chini, bakuli la mchuzi wa nyama ya ng'ombe linalokutosha mpaka usiku. Kwingine usitegemee neno "hakuna nguruwe", kwa sababu mpishi atakwambia hakuna na mafuta yake ndiyo hayohayo.

Xi'an mtaa wa Waislamu usiku ni Forodhani yenye taa zaidi: mishkaki ya kondoo yenye bizari na pilipili, juisi ya komamanga, maandazi matamu ya tunda liitwalo shizi. Agizeni yangrou paomo. Unaletewa bakuli tupu na mkate mgumu wa duara, unaumega mwenyewe vipande vidogo ndani ya bakuli, halafu wanaupeleka jikoni kumwagiwa mchuzi wa kondoo. Mara ya kwanza nilimega vipande kama vya kulowekea chai. Mhudumu akaja, akachungulia, akanirudishia bakuli. Nikamega tena. Akanirudishia tena, safari hii akanionyesha ncha ya kidole chake kidogo: kiasi hiki. Dakika ishirini nzima! Meza ya jirani walikuwa wanamega huku wanapiga soga, na ndipo nilipoelewa kwamba kumega ndiyo soga yenyewe.

Jambo ambalo hukuuliza ila litakutokea: mtapigwa picha. Kwenye kasri na kwa askari wa udongo kuna watalii wa ndani waliotoka vijijini mbali, wengine mtakuwa watu weusi wa kwanza kuwaona kwa macho. Watakuja wakitabasamu na simu, mama mzima atakushika mkono kama ndugu, mwingine atataka kugusa nywele zako au kanga yako. Utasikia neno heiren, yaani mtu mweusi, na feizhou, yaani Afrika. Mara nyingi ni udadisi tu, na wageni wangu wengine huufurahia, wanageuza nao wanawapiga wao picha. Lakini wako wanaopiga kwa kuiba, na kufikia picha ya thelathini hata malaika anachoka. Huna deni la kumfurahisha kila mtu. Sema bu yao, "sitaki", kwa sauti ya kawaida, geuka uendelee. Ukikubali, sema keyi. Ila mjihadhari na vijana wazuri wa mavazi na Kiingereza kilichonyooka wanaokualika kunywa chai ya kienyeji au kuona maonyesho ya michoro, hasa mitaa ya Wangfujing, Beijing. Chai hiyo bili yake italiza duka lako.

Malipo: hela taslimu kisheria hupokelewa, lakini muuza viazi wa kuchoma atakutazama kama umempa kauri za baharini, hela ya kale. Kila kitu ni simu, kama Lipa Namba yetu ila mpaka kwa ombaomba. Weka Alipay ukiwa bado Dar, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, pigia benki yako waifungulie matumizi ya China, na ujaribu. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato kwa kadi ya kigeni, yakizidi hapo kuna asilimia 3. WhatsApp haifanyi kazi kwenye Wi-Fi ya hotelini, hilo unalijua, lakini laini ya nyumbani ikiwa na rominga inapita. Adapta ya plagi unayo tayari. Pawa benki iangalie: tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya usalama ya China, 3C, na kuna ndoo nzima ya zilizonyang'anywa pale ukaguzini. Beba tishu kila siku, vyoo vingi ni vya kuchuchumaa na havina karatasi. Kwa shemeji tafuteni vile vyenye alama ya kiti cha magurudumu. Chupa ya chai beba pia. Maji ya moto yako kila mahali bure, stesheni, ndani ya treni, hata kasri.

Tiketi za treni huanza kuuzwa siku 15 kabla. Zinakwenda kwa pasipoti, na hapo wenye majina matatu kama sisi hupata shida: andika jina sawasawa na ile mistari miwili ya herufi iliyo chini ya ukurasa wa picha, siyo kama unavyojiandika dukani. Stesheni fikeni saa moja kabla, kuna kukagua mabegi, na pasipoti ya kigeni wakati mwingine hukataliwa na mashine, mtapitia dirisha lenye mtu.

Viza yenu itakuwa ya biashara. Kutembea nayo hakuna tatizo mradi siku za kukaa zilizoandikwa juu yake zinatosha, kwa hiyo zihesabuni kuanzia siku ya kutua mpaka ya kuruka, na barua ya maombi itaje siku hizo zote tangu mwanzo. Na katikati ya safari msichepuke Hong Kong kununua simu. Mkivuka mpaka mmetoka China, na kama viza ni ya kuingia mara moja imekwisha, masanduku yenu yatabaki Guangzhou yakiwangoja.

Guilin nilisema nitairudia. Hiyo ndiyo safari ya akiba, mkikosa tiketi ya kasri kabisa au shemeji akisema Beijing hapana. Kutoka Guangzhou mpaka Yangshuo kwa treni ya kasi ni kama saa mbili na nusu, mto ni wa kukaa kwenye mtumbwi na kutazama, hakuna ngazi, hakuna alamu ya saa mbili usiku. Toa noti ya yuan 20 uigeuze nyuma: ile milima na ule mto ni pale pale, kijiji cha Xingping. Kuna sehemu ya ukingo ambapo kila mtu anasimama na noti hiyo mkononi akiilinganisha na mlima. Kwa hiyo hata kama malipo yote ni ya simu, bakisha noti moja.